Herufi Kubwa Zisizo na Ukungu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga kioo cha kompyuta ya nyumbani. Mambo ni mengi, ila muda mwingi nitaumalizia kwenye jambo moja ambalo nalikuta karibu kila nyumba ninayoitwa: mtu anataka maandishi makubwa, basi anashusha rezolusheni, yaani idadi ya nukta ambazo kompyuta inazitumia kuchora picha kwenye kioo.

Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo baba yangu. Ni mwalimu mstaafu, anachapa kumbukumbu za vikao vya ukoo, akalalamika kwamba herufi zimekuwa kama sisimizi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashusha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Herufi zikanenepa, akanishukuru. Wiki kadhaa baadaye akanipigia simu: macho yanamuuma, ameshabadilisha miwani, na maandishi bado yana ukungu. Pesa ya miwani imetoka bure. Ukungu haukuwa machoni mwake, niliuweka mimi, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Naomba tulielewe vizuri. Kioo bapa cha siku hizi kimeundwa kwa nukta, ziitwazo pikseli. Cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, zimeshapangwa kiwandani, haziongezeki wala hazipungui. Ukisogeza lenzi ya kukuzia kwenye sehemu nyeupe utaona kila nukta ina vistari vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Sasa ukiiamuru kompyuta ichore kwa 1280 kwa 720, kila nukta inayochorwa inabidi itandazwe juu ya nukta moja na nusu ya kioo kwa upana, na moja na nusu kwa urefu. Na nusu nukta haipo. Chukueni herufi l ndogo, kijiti kimoja kilichosimama wima. Kilipaswa kuwa cheusi kwa upana wa nukta moja. Sasa nukta ya kwanza inakuwa nyeusi, ya jirani inakuwa kijivu. Kijivu hicho kimeganda pembeni mwa kila herufi, ukurasa mzima, na jicho linahangaika nacho kutwa.

Mazoea haya yana asili yake. Vile vioo vya zamani vyenye kisogo kikubwa havikufungwa na nukta namna hii, na kushusha rezolusheni kulisaidia kweli. Ndiko pia tulikokuwa tukipandisha kasi ya kuchora kutoka mara 60 kwa sekunde hadi 75 au 85 ili picha isitetemeke. Vioo vimebadilika, mikono yetu bado inakwenda kule kule.

Kwenye Windows 10 na 11, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye eneokazi, kisha chagua mipangilio ya skrini. Rezolusheni iacheni pale palipoandikwa kwamba panapendekezwa. Jirani yake kuna kipimo cha ukubwa: asilimia 100, 125, 150. Hapo ndipo pa kushika. Ukikipandisha, kompyuta inaichora herufi upya kwa ukubwa huo ikitumia nukta zote, na ukingo wake unabaki mkali. Programu chache za zamani hazijui kufanya hivyo, hizo zitabaki na ukungu kidogo. Anayetaka maandishi peke yake yakue, aende sehemu ya ufikivu, yaani ya kurahisisha matumizi, humo humo kwenye mipangilio, kuna kitelezi kinachofika asilimia 225.

Na msiogope kujaribu. Ukibadilisha rezolusheni kioo kikawa cheusi, usiguse kitu. Usipothibitisha ndani ya sekunde 15, mashine inarudi ilikokuwa.

Mwangaza sitausemea sana. Kwa kompyuta ya mezani unapunguzwa kwa vitufe vya kioo chenyewe. Shika karatasi nyeupe kando ya kioo: kikiwaka kama taa kuliko karatasi, punguza; kikionekana kijivu, ongeza. Ile rangi ya manjano ambayo kompyuta inaweza kuupa mwanga wa kioo usiku naitumia kwa sababu inanituliza, lakini siwezi kuwaambia kwamba inatibu macho. Macho yanakauka kwa sababu tukikodolea kioo tunapepesa kope mara chache.

Kwa baba nilirudisha 1920 kwa 1080, kipimo nikakiweka 150. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma kwa sauti majina ya wajumbe wa kikao kuanzia la kwanza hadi la mwisho, bila kusogeza uso mbele hata mara moja.

Hapa mezani kuna kompyuta mbili nimeziwasha, moja imepangwa vibaya makusudi. Mama uliyekaa karibu na dirisha, uliyeniambia mlangoni kwamba huwezi kusoma bila kuinama, karibu uanze wewe.