Viazi mviringo kwenye ndoo, Arusha na Moshi

Habari zenu watazamaji, karibuni kibarazani. Leo tunapanda viazi mviringo kwenye ndoo, na naanza na ndugu zangu wa Moshi mjini maana ndio wanaolalamika zaidi: majani yanastawi, ukifukua chini hamna kitu.

Hilo ni joto. Kiazi kinatunga vizuri udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Zikikaribia 30, mmea unaota majani tu. Huku Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 1,000, kwa hiyo nyie lazima muwahi majira. Pandeni mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni, viazi vitunge Juni na Julai, kale kabaridi kakiwa kamekolea.

Na ndoo yenyewe iangalie. Ya lita 20 inatosha, ila chagua nyeupe. Nyeusi ikipigwa na jua la mchana inapika mizizi. Toboa matundu chini, upana wa kidole, kisha ipandishe juu ya matofali. Ukiitua moja kwa moja kwenye sementi maji yanakwama na joto linapanda kutoka chini. Kiroba nacho kinafaa, kikunje mdomo kwa nje.

Udongo: sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyoiva, moja ya pumba za mpunga. Samadi ishike kiganjani. Ikiwa bado ina joto au inanuka zizi, iache. Udongo usiuchote palipokuwa na nyanya, biringanya au pilipili. Hizo ni jamii moja na kiazi, na mnyauko wa bakteria unabaki ardhini.

Sasa mbegu, tazama hapa kwa karibu. Kiazi hiki ni cha ukubwa wa yai la kuku. Kimekaa kwenye mwanga hafifu, machipukizi yake ni mafupi, manene, yana uzambarau. Hiki kingine kilikuwa gizani kabatini: chipukizi jeupe, refu, nimeligusa tu limekatika. Panda cha kwanza. Vya sokoni vinaota, lakini hujui vimetoka shamba gani. Ukipata mbegu safi kwa mkulima unayemwamini, ni bora zaidi.

Jaza udongo sentimita 12 hivi, weka kiazi kimoja, macho juu, kifunike kwa sentimita 10. Kimoja, jamani! Ukiweka vitatu utavuna vya kuchezea watoto. Shina likifika sentimita 20, ongeza udongo ubakize majani ya juu, rudia hadi ndoo ikaribie kujaa. Kazi yake ni kuvikinga viazi na jua. Zile picha za kiroba kirefu kilichojaa viazi toka chini hadi juu mimi siziamini: aina nyingi zinazaa karibu na pale ulipoweka mbegu. Ndoo moja ikikupa kilo moja hadi mbili, umevuna vizuri.

Maji, chomeka kidole. Pakavu hadi pingili ya pili, mwagilia, asubuhi, kwenye udongo na si kwenye majani. Mvua ikizidi sogeza ndoo chini ya paa, maana bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza majani, inapenda ubichi na ubaridi. Geuza jani asubuhi: ukiona doa jeusi na utando mweupe kwa chini, kata, toa nje kabisa. Dawa ya ukungu ni ya kuzuia. Jani lililoungua halirudi.

Baada ya miezi mitatu au minne majani yanageuka njano. Kata mashina, acha kumwagilia, subiri wiki mbili ngozi ikomae. Sugua kiazi kwa dole gumba. Ganda likibanduka, bado. Likigoma, pindua ndoo yote juu ya turubai.

Vilivyogeuka kijani weka pembeni, usipike, vina sumu. Vingine vitunze gizani penye hewa. Na huo udongo usiupande tena viazi wala nyanya msimu ujao. Tia mchicha au maharage.