Kwanza Kutu, Ndipo Rangi

Mazungumzo na wenye magari, madereva na mafundi wa rangi, Ngamiani, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Na vijana wa gereji, nimefurahi mmekaa mbele, maana mengi ya leo yanawahusu ninyi.

Nianze na ile chupa ndogo ya rangi yenye brashi kwenye kifuniko. Mtu karukiwa na kokoto njiani, kafika nyumbani kaona doa kwenye boneti, kesho yake kanunua chupa, kapaka, kaondoka. Doa halionekani. Baada ya miezi michache pale pale panatoka lengelenge, ukilibonyeza linapasuka, na ndani yake unga wa kahawia. Anakwambia aliuziwa rangi mbovu. Rangi haikuwa na kosa. Alifunika kutu, na kutu iliyofunikwa inaendelea kula.

Nimelisema hili mara nyingi mjini hapa na nalirudia. Kokoto haliharibu gari, linafungua mlango tu. Anayeingia ni chumvi. Upepo unaotoka baharini umebeba chumvi, iwe umekaa Raskazone au Makorora. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua, kile kidonda kwenye boneti kimelowa tangu usiku. Chuma, maji na hewa vikikutana kutu inazaliwa, na chumvi inaikimbiza. Halafu sikilizeni jambo ambalo wengi hawalifikirii: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba. Ikivimba inainua kingo za rangi iliyokuwa nzima, chuma kipya kinaachwa wazi, nacho kinapata kutu. Ndiyo maana doa la ukubwa wa punje ya mtama linakuwa la ukubwa wa shilingi na hakuna kokoto la pili lililopiga.

Najua yupo anayesema moyoni: gari langu linabeba machungwa ya Muheza, urembo wa nini? Ndugu yangu, hapa hatuzungumzii urembo. Bati la boneti au la mlango kwa kawaida halifiki hata milimita 1. Kutu haihitaji miaka mingi kulitoboa, na likitoboka chupa na brashi havina kazi tena, ni kukata na kuchomelea.

Mwingine anasema: basi nampa fundi apulize boneti zima. Hapo ndipo ninapokosa subira. Kiwandani bodi zima linazamishwa kwenye dimbwi la praima, ile rangi ya chini inayoshika chuma, umeme unaivuta praima hadi kwenye kona zisizofikika, kisha linaokwa kwenye tanuri. Gereji yetu chini ya mwembe haiwezi kurudisha hiyo. Unakwangua rangi nzuri ya boneti zima kwa sababu ya vidoa vinne! Na kama hivyo vinne havikutolewa kutu, vitarudi chini ya rangi mpya kama vilivyokuwa.

Kwa hiyo, kazi yenyewe. Osha kwa maji baridi ya bomba na sabuni, kausha, futa kwa kitambaa chenye spiriti ya hospitali ili grisi na nta vitoke. Sasa pima kina. Dondosha tone la maji. Mkwaruzo ukipotea chini ya maji na ukucha haukwami, ni klia tu iliyoguswa, lile tabaka angavu la juu lisilo na rangi. Acha chupa, tumia kompaundi, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha. Ukiona kijivu au weupe wa praima, chuma bado kimefunikwa, una nafasi ya kupumua. Ukiona chuma kinang'aa, fanya wiki hii. Ukiona kahawia, umeshachelewa, anza na kutu.

Na kutu haitolewi kwa kitambaa. Chukua ncha ya sindano nene au wembe, chokonoa kingo zote. Rangi inayonyanyuka ing'oke, usiionee huruma, maana chini yake kutu imeshatambaa. Kisha kata kiduara kidogo cha msasa namba 320, kibandike kwa gundi kwenye kifutio cha nyuma ya penseli, uzungushe juu ya kidonda peke yake. Malizia na namba 600. Unatafuta chuma cheupe. Vile vitundu vyeusi vinavyobaki kama alama za ndui ni kutu pia! Ukishindwa kuvifikia, ndipo weka tone la dawa ya kugeuza kutu, uache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ile yenye tanini hugeuza pale kuwa peusi-bluu. Lakini dawa haichukui nafasi ya kukwangua. Ukiimwaga juu ya magamba ya kutu inageuza la juu, la chini linabaki hai.

Ukishapata chuma cheupe, usiende kula. Kwa unyevu wa Tanga chuma kilicho uchi hakilali. Futa kwa spiriti, weka praima ya chuma saa hiyo hiyo kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Brashi ya kifuniko ni nene mno, inamwaga praima juu ya rangi nzima. Tone dogo katikati, livute hadi kingo, basi. Liache likauke kama chupa inavyosema.

Rangi inafuata, na hapa kosa ni pupa. Watu wanajaza shimo kwa tone moja nene. Juu linafunga ngozi, tina, yaani kiyeyusho cha rangi, inabaki ndani, baada ya siku chache rangi inanywea na kuacha bonde, au inapasuka. Paka nyembamba mara 2 au 3, kila moja isubiri kama nusu saa. Rangi ibaki chini kidogo ya usawa wa boneti, ile nafasi ni ya klia. Klia nayo tabaka kwa tabaka hadi ipande juu ya usawa kidogo tu. Kisha funga chupa na usiguse kwa wiki nzima. Ndiyo, wiki.

Baada ya wiki sawazisha. Msasa namba 2000 wa maji, umezungushiwa kipande kidogo cha mpira mgumu, maji yenye sabuni, mkono mwepesi, kisha 3000, kisha kompaundi. Hapa naomba mnisikilize vizuri: klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50, na mikroni 1000 ndiyo milimita 1. Ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Rangi yote pamoja na praima haifiki mbali sana na mikroni 150. Kwa hiyo ukisugua kwa hamasa unaivuka klia bila kujua, na ukishaivuka hakuna kompaundi inayoirudisha. Kwenye mikunjo ya bodi na kingo za milango klia huwa nyembamba zaidi. Msasa usifike huko.

Kijana pale nyuma ananyoosha kidole kwenye bampa. Bampa ni plastiki, haipati kutu. Nasikitika kuona mtu anahangaika na bampa, kwa sababu linaonekana, huku kizingiti cha mlango na ukingo wa juu ya tairi vinaliwa kimya kimya. Anza na chuma. Bampa linaweza kusubiri mwaka, na likifika zamu yake tumia praima ya plastiki, ya chuma itabanduka.

Namba ya rangi. Msiende dukani kusema "nyeupe ya Toyota". Tafuteni kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kibati ndani ya boneti kwa magari ya zamani, msome mstari wa C/TR, wenye namba ya rangi ya nje na ya ndani. 040 ni nyeupe tupu, rahisi kuliko zote. 070 ni nyeupe ya lulu: chini nyeupe, katikati tabaka la lulu, juu klia. Ukiuziwa chupa moja kwa 070 rudisha, haitalingana kamwe. Silva, kama 1F7, ina chembe za alumini. Kiwandani zimelala kwa kupulizwa, brashi inazilaza ovyo. Kwa hiyo kwa silva kubalini kwamba doa litaonekana ukiinama, mradi kutu haipo. Na jaribuni kwanza kwenye kipande cha karatasi, rangi ikauke ndipo mlinganishe, maana jua limeshaipausha rangi yenu na namba inasema ilivyotoka kiwandani.

Muda umenibana, la kuchagua rangi nitalipitia haraka. Anayepuliza gari zima achague nyeupe tupu na klia juu: haivuti joto kama nyeusi, haionyeshi mikwaruzo ya kuoshea, na kidonda chake kinatibika nyumbani. Rangi ya mati, ile isiyong'aa, ni nzuri kwa macho, lakini haipigwi msasa wala kompaundi. Ikiguswa inang'aa pale pale, na kokoto moja linakudai upulize boneti zima. Hapa pwani siishauri. Hujui kama gari lako lina klia? Sugua mahali pa kificho kwa kitambaa cheupe chenye kompaundi. Kitambaa kikishika rangi, klia hakuna.

Mafundi, mawili tu. Msipulize mapema asubuhi wala mvua ikiwa imetoka kunyesha; tina ikiruka inaipoza rangi, unyevu unaganda juu yake na rangi inaota ukungu mweupe. Subirini jua lipande, bati likauke. La pili, klia ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuikaza, ina sumu inayoshika mapafu, na ikishakushika inaweza kukuletea pumu ya maisha. Kitambaa mnachofunga puani hakizuii mvuke huo. Vaeni barakoa yenye vichujio vya kemikali, kila mara, hata kwa mlango mmoja.

La nta na la vumbi la saruji sitalifikia leo. Nje pale kuna gari jeupe lenye kahawia juu ya tairi la mbele. Mwenyewe ameniruhusu, na msasa 320 ninao. Twendeni kabla jua halijashuka.