Chai ya Boston Ilishuka Bei

Asante, mwenyekiti. Ndugu zangu, walionisikia siku za nyuma wanajua naanzia wapi, na nawaona kule mwisho wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Maadamu bado wapo wanaofundishwa kwamba Wamarekani, wakiwa bado makoloni ya Uingereza, walimwasi mfalme wa huko kwa sababu chai ilipanda bei, nitarudia: haikupanda. Ilishuka.

Sheria ya Chai ya 1773 haikuleta ushuru mpya Amerika. Peni tatu kwa kila ratili zilikuwa zikidaiwa tangu 1767. Jipya ni kwamba Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyoelemewa na madeni huku maghala yake London yamejaa chai iliyokosa wanunuzi, iliruhusiwa kupeleka shehena moja kwa moja makoloni na kuuza kupitia mawakala iliowachagua yenyewe. Hata ukijumlisha zile peni tatu, chai halali ingeweza kuuzwa chini ya ile ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi.

"Sasa mwalimu, mtu anakasirikaje kupunguziwa bei?" Haya. Wa kwanza kukasirika ni wafanyabiashara. John Hancock, tajiri wa Boston, alikuwa ameshakamatiwa meli mwaka 1768 kwa tuhuma za magendo, kwa hiyo msimwone malaika. Na mawakala walioteuliwa Boston, mnajua ni akina nani? Wawili walikuwa watoto wa gavana wa Massachusetts, koloni lenye Boston, Thomas Hutchinson. Naona hapo hamhitaji maelezo.

Lakini mkiishia dukani mtakuwa hamjaelewa kitu. Ulizeni fedha za ushuru ule zilikwenda wapi. Zilitengwa kulipa mishahara ya magavana na mahakimu! Jamestown ilianzishwa 1607, na kufikia 1619 Virginia ilikuwa na baraza lake la wawakilishi. Kwa miaka mia na hamsini mabaraza ya namna hiyo yalipanga kodi zake, na katika makoloni mengi gavana alisubiri baraza ndipo apate mshahara. Akileta jeuri, anacheleweshewa. Sasa London inataka kumlipa yenyewe. Gavana asiyekutegemea kwa chakula chake atakusikiliza kwa lipi? Hiyo ndiyo chai ambayo watu wa Boston waliitosa baharini usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, makasha zaidi ya 300.

Kuna wa kuniambia kwamba namsifu mwenye watumwa anayelilia uhuru. Simsifu. Mwaka uleule wa 1619, Virginia ileile, wiki chache tu baada ya baraza kukaa, Waafrika zaidi ya ishirini walishushwa Point Comfort na kuuzwa. Novemba 1775 gavana wa mfalme, Dunmore, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaoshika silaha upande wake watakuwa huru, na wengi walikimbilia kwake. Dunmore hakuwa mtetezi wa mtu, alitaka askari. Ila wale waliokimbia walijua wanachokitafuta kuliko waliopitisha Azimio la Uhuru Philadelphia Julai 1776.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Vita basi tuviruke: Ufaransa iliingia 1778, Waingereza wakasalimu amri Yorktown 1781, mkataba ukasainiwa Paris 1783. Ardhi ya wenyeji ng'ambo ya milima ya Appalachia, ambayo mfalme aliwazuia walowezi kuivamia tangu 1763, inataka siku yake.

Nimalizie jamhuri. Kongamano lao la mwanzo, yaani bunge la pamoja la majimbo, halikuwa na uwezo wa kutoza kodi hata senti, na wanajeshi walirudi nyumbani hawajalipwa. Massachusetts ikawakamua wakulima ili ilipe madeni ya vita. Mwaka 1786 wakulima wakamfuata Daniel Shays, askari wa mapinduzi, wakafunga mahakama. Na Samuel Adams, yuleyule kinara wa upinzani wa Boston dhidi ya mfalme, akataka washughulikiwe bila huruma.

Katiba ya 1787 ikalipa Bunge la Marekani mamlaka ya kodi, na kwa kugawa viti mtumwa akahesabiwa tatu ya tano ya mtu. Mwaka 1791 ikaja kodi ya wiski. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walipoikataa, 1794 Rais Washington akatoka mwenyewe kukagua jeshi la watu wapatao 13,000 lililotumwa kuwatuliza.

"Lakini hao, tofauti na wa 1773, walikuwa na wabunge wao katika bunge lililowatoza." Walikuwa nao. Karibuni maswali.