Mlima wa Yucca na Haki ya Kukataa

Ndugu zangu, baadhi yenu mmenisikia nikilisema jambo hili mara nyingi, nami sitachoka kulirudia: Marekani imeshindwa kuzika taka za vinu vyake vya nyuklia kwa sababu iliwalazimisha kuzipokea watu ambao hawakuzitaka.

Sheria ya 1982 iliagiza maeneo mbalimbali ya kuzizikia yachunguzwe na kulinganishwa, na serikali kuu ikaahidi kuanza kuzichukua taka hizo ifikapo 1998. Mwaka 1987 Bunge la Kongresi likaufuta ulinganisho huo, likaagiza uchunguzwe Mlima wa Yucca pekee, jimboni Nevada, kilomita 160 hivi kutoka Las Vegas. Majimbo ya Texas na Washington, yaliyokuwamo kwenye orodha, yakaondolewa. Tazameni ni nani waliokuwa na sauti: Spika wa Baraza la Wawakilishi, Jim Wright, alikuwa mtu wa Texas, Tom Foley, kiongozi wa wabunge walio wengi, alikuwa mtu wa Washington, ilhali Nevada ilikuwa na wawakilishi wawili tu, wala haikuwa na kinu hata kimoja cha umeme wa nyuklia. Wenyeji waliibandika sheria hiyo jina la matusi ambalo sitalitamka mbele yenu. Gavana wa Nevada, Kenny Guinn, alipoukataa mradi mwaka 2002, kama sheria ilivyomruhusu, Kongresi ilitengua uamuzi wake katika miezi michache. Kisha Harry Reid, seneta wa jimbo hilohilo, akawa kiongozi wa walio wengi katika Seneti, na serikali ya Obama ikausimamisha mradi. Taka zimebaki kando ya vinu, na walipa kodi wanazilipa fidia kampuni za umeme kwa ahadi ile ya 1998.

Najua nitaulizwa: kila mtu akipewa haki ya kukataa, nani atakubali? Eurajoki, nchini Finland, walikubali. Halmashauri yao ilikuwa na haki ya kukataa ambayo serikali isingeweza kuitengua, na Januari 2000 madiwani 20 waliunga mkono, 7 wakapinga. Mtasema walikwisha kuvizoea vinu vya Olkiluoto na kodi zake. Ni kweli, walijua wanachokipokea na wanachokipata, na hakuna aliyewafungia mlango.

Muda umekwisha. Ila sishuki hapa bila kuwataja Washoshone wa Magharibi, wenyeji wa asili wa eneo lile, wanaoudai mlima ule kwa mkataba wao na Marekani wa Ruby Valley wa 1863. Wao hawakupewa hata ile haki ya gavana iliyotenguliwa.