Jinsi ya Kuonja Stauti Kali na Kuipa Alama

Habari zenu, karibuni. Leo mezani tuna Old Rasputin, bia nyeusi nzito ya aina ya stauti, ya kiwanda cha North Coast kilichoko Fort Bragg, pwani ya California. Tutaionja taratibu, halafu tutaipa alama kwa haki. Kama huna hii, chukua stauti yoyote uliyonayo. Guinness ya chupa au Castle Milk Stout za nyumbani zinafaa kabisa kwa mazoezi. Video hii ni ya watu wazima tu, na kama baadaye utashika gari au pikipiki, leo tazama, kesho uonje.

Anza na lebo. Huyu mwenye ndevu ni Rasputin, yule Mrusi aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi. Hajawekwa hapa kwa urembo. Stauti za aina hii zilianzia London katika karne ya 18, na kiwanda cha Thrale kule Southwark kilikuwa kinaziuza mpaka kwenye kasri la Warusi. Ndiyo maana hadi leo zinaitwa stauti za kifalme.

Sasa soma namba. Chupa ni ndogo, mililita 355, ila pombe ni asilimia 9. Piga hesabu: humo mna mililita 32 hivi za pombe tupu. Bia ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Haka kachupa kanaizidi ile chupa kubwa! Kwa hiyo mimi naigawa kwa watu watatu, kila mmoja mililita mia na kitu. Kuonja hakuhitaji zaidi ya hapo. Ukishaingia chupa ya pili, kila bia inakuwa tamu na alama zinapanda zenyewe.

Na weusi usikutishe. Guinness ya bomba inayouzwa Ireland ni nyeusi tii, na pombe yake ni asilimia 4.2 tu. Rangi inatokana na shayiri, au kimea chake (shayiri iliyooteshwa na kukaushwa), iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, na kiasi kidogo tu kinatosha kuipaka rangi pipa zima. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kuzungusha kimea juu ya moto, na kuanzia hapo watengenezaji wakaupata weusi huu bila kuunguza mzigo wote. Nguvu ya pombe inatoka kwingine: kimea kingi cha kawaida, sukari inayotoka humo, na hamira inayoila hiyo sukari. Basi usiseme bia ni kali kwa kuitazama.

Tuje kwenye joto, na hapa ndipo bia nzuri nyingi zinapoonewa. Kaa baa yoyote kwetu, mhudumu atakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Ya moto ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, na vijana huwacheka wazee wanaoiagiza. Kwa stauti kama hii wazee wako karibu zaidi na ukweli. Ikitoka kwenye friji na nyuzi zake 4, ulimi unakufa ganzi na harufu hazipandi. Unasikia ubaridi na uchungu, basi. Lakini ya moto ya Dar mchana, nyuzi 30, nayo inakosea upande wa pili: pombe inakupiga puani na gesi inatoka kwa fujo. Tunataka nyuzi 10 hadi 13. Huna kipimajoto? Itoe kwenye friji, iache mezani dakika 20 au 30. Mji wenu ukiwa wa joto, 15 zinatosha. Ishike: inatakiwa ipoze mkono bila kuuma vidole.

Glasi sasa. Hapa usinywe kwa tarumbeta, maana pua haiingii kwenye shingo ya chupa. Glasi ya mvinyo, yenye tumbo pana na mdomo ulioingia ndani, ni nzuri mno. Iwe safi kweli, kwa sababu mafuta ya vyombo na mabaki ya sabuni yanaua povu. Isuuze na maji matupu, umimine ikiwa bado ina unyevunyevu. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania ubavuni mwa glasi, hapo pana uchafu. Usiilaumu bia.

Inamisha glasi, mimina ubavuni polepole. Ukifika nusu ya kiasi chako, isimamishe umalizie katikati ili povu lipande. Tazama: povu zito la kahawia, linashuka bila haraka. Inua glasi kwenye taa. Pembeni kabisa huenda ukaona wekundu kidogo, huenda usione kitu. Sura tumeimaliza. Inabeba alama 3 tu kati ya 50, tusiikalie.

Hizo 50 ni za karatasi ya BJCP, mpango wa Marekani ambao tangu 1985 unawatahini waamuzi wa mashindano ya bia. Harufu 12, sura 3, ladha 20, hali ya bia mdomoni 5, na mwisho 10 za bia kwa ujumla wake. Naipenda kwa sababu jina kubwa na chupa ya kifahari havina hata alama moja. Chora mistari mitano kwenye daftari, na ushike kanuni yangu: maneno kwanza, namba baadaye. Ukitangulia kuandika 10, maneno yote yanayofuata yatakuwa mawakili wa hiyo 10.

Harufu tunaichukua kabla ya kunywa, kwa sababu ndiyo inayokimbia mapema. Usiwe umejipulizia manukato, na usiwe umetoka kula pilipili au kuvuta sigara. Nusa kwa mivuto mifupi, miwili au mitatu. Ondoa pua, pumzika, rudi. Kisha zungusha glasi, ifunike na kiganja kwa sekunde chache, funua na unuse tena.

Andika vitu unavyovijua wewe. Orodha za Wazungu zimejaa matunda ambayo hujawahi kuyashika, yaache. Mimi hapa napata kahawa chungu, ile ya vikombe vidogo na birika la shaba barazani. Napata kakao isiyo na sukari. Nyuma yake zabibu kavu, na utamu mzito unaoelekea sukari guru. Kwa mbali kuna hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yenye harufu ya majani makavu. Pombe inajitokeza kidogo, inapasha pua moto bila kuichoma.

Unaponusa, tafuta na kasoro. Siagi ina maana hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Boksi la karatasi lililolowa ni oksijeni: bia imezeeka, au imekaa siku nyingi kwenye kontena la moto. Bia za kutoka nje zina ugonjwa huo sana. Siki ni bakteria, na sosi ya soya hutokea kwenye bia nyeusi iliyokaa mno na hamira iliyokufa ndani yake. Moja ya hizo ikitawala, alama za harufu zikatwe hata kama umeinunua ghali. Hasa kama umeinunua ghali, kwa maoni yangu.

Haya, tunywe. Funda la kwanza ni la kuusafisha mdomo, usilihukumu. La pili lizungushe ulimi mzima, meza, halafu funga mdomo utoe pumzi kwa puani. Umesikia? Ile kahawa imerudi kwa njia ya nyuma, tena kubwa kuliko ulipoinusa. Waonjaji wa mvinyo hutema, sisi tunameza, maana kinachobaki kooni nacho kina alama.

Hapa kuna uchungu wa aina mbili, na usipoutenganisha utaionea bia. Wa kimea kilichokaangwa ni mkavu, wa kahawa, unakuja na kuondoka. Wa hopsi unakaa mwishoni mwa ulimi, una umajani, na hauna haraka ya kuondoka. Bia hii kwa kipimo cha IBU ina uchungu wa 75, na mwongozo wa BJCP kwa stauti za kifalme unaruhusu 50 hadi 90, na pombe asilimia 8 hadi 12. Kwa hiyo kama wewe mpenzi wa bia tamu umekunja uso, usiikate alama kwa hilo. Imefanya ilichotakiwa kufanya. Ungepata ladha ya majivu ya sigara, hapo ungekata, maana kimea kimezidishwa moto.

Mdomoni, tazama uzito. Hii ni nene, gesi yake ndogo, lakini hainati kwenye midomo. Joto likishuka kifuani taratibu ni sawa. Likichoma koo kama spiriti, si sawa.

Sasa weka glasi chini. Kunywa maji, tafuna kipande cha mkate mkavu, ongea na wenzako kwa dakika 15. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Rudi uonje tena. Uchungu umelainika, kakao imegeuka chokoleti, na zabibu zilizokuwa zinajificha zimekuja mbele. Bia iliyotengenezwa vibaya hapa huvuliwa nguo: ubaridi uliokuwa unaficha siagi au ukali wa pombe umeondoka. Namba zinaandikwa sasa, si kabla.

Zangu ni hizi. Harufu 10, nimeacha 2 kwa sababu hopsi ziko mbali mno kwa bia yenye uchungu huu. Sura 3. Ladha 17, kwa kuwa uchungu wa mwisho unaufunika kidogo ule utamu wa zabibu. Mdomoni 4. Kwa ujumla wake 8. Jumla 42, na kwenye karatasi hii 38 hadi 44 ni bora sana. Mwenzangu hapa ameipa 37 na ameandika kwamba pombe inamchoma. Simbishii, ameeleza. Nawe ukiweka namba yako hapo chini, iambatanishe na sababu.

Nimebakiwa na chupa moja. Ya asilimia 9 inaweza kukaa mwaka bila shida ikiwekwa gizani, mahali pa baridi, imesimama wima. Andika tarehe ya leo juu ya kizibo, na karatasi hii ya alama ikunje uiweke mbali. Siku ya kuifungua, onja kwanza, andika namba zako mpya, ndipo uikunjue ya zamani.