Barafuto ya Kuanzia Msimu wa Skii

Habari za jioni, ndugu zangu, na ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze na wale wanaotaka kuanza msimu wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji, mwezi Oktoba, wakati mabondeni bado ni majani matupu na theluji ya kutegemewa iko juu ya barafuto tu, ile mito ya barafu ya milimani. Nitabaki kwenye Milima ya Alpi, maana ndiko ninakokujua.

Wengi huchagua kwa kimo. Zermatt kule Uswisi, lifti, yaani chombo cha kupandisha watu mlimani, inakufikisha mita 3,883. Pitztal ya Austria, 3,440. Hintertux, nayo ya Austria, 3,250. Basi Zermatt imeshinda, mtu anakata tiketi. Mimi namwomba asubiri kidogo.

Kumbukeni mbio za Kombe la Dunia la skii zilizopangwa kuanzia juu ya Zermatt na kuishia Cervinia, upande wa Italia. Mwaka 2022 hazikufanyika kwa sababu theluji haikutosha. Mwaka 2023 theluji ikaja ya kumwaga, na upepo juu yake, zikafutwa tena. Kisha zikaondolewa kabisa kwenye ratiba. Kimo kilikuwepo miaka yote miwili, wala hakikusaidia kitu. Na upepo hauchagui: mwaka huohuo wa 2023 mbio za wanaume za Sölden kule Austria, zinazofungua msimu juu ya barafuto ya Rettenbach, zilikatizwa katikati kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mahali popote ni hili: upepo ukifunga lifti ya juu kabisa, nitabakiwa na nini? Sölden wana barafuto mbili, Rettenbach na Tiefenbach. Hintertux lifti zake zimepangwa kwa ngazi, kwa hiyo kituo cha juu kikifungwa huenda cha chini yake kikaendelea. Saas-Fee ya Uswisi, sehemu ya mwisho ya kupanda ni treni inayopita ndani ya mwamba, na huko ndani upepo haufiki. Ila lazima kwanza upande kebo, yaani kibanda kinachovutwa kwa waya, mpaka kwenye treni yenyewe, na kebo inaning'inia hewani kama nyingine zote.

Swali la pili ni nini kiko chini ya theluji. Barafu iliyo sawa, isiyo na mabonde, haidai theluji nyingi, mawe yanadai. Nayo mawe yanaongezeka. Barafuto za Uswisi zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Inaniuma kulisema, maana nimeona kwa macho yangu kingo zikirudi nyuma. Kwa hiyo picha ya miaka kumi iliyopita msiiamini. Tazameni kamera za leo asubuhi, hasa pale njia inapoiacha barafu kuelekea kituo cha lifti.

Halafu kuna nyufa za barafuto, ambazo theluji huzifunika. Asubuhi moja ya Oktoba nilisimama na mwongozaji wetu hatua tatu nje ya nguzo za alama. Theluji ilikuwa safi, haina hata mkunjo. Akachomeka ufito wake wa kupimia. Ukaingia kama sentimita 40 kwa shida, kisha ghafla ukazama wenyewe hadi ngumi yake ikagusa theluji. Alipouchomoa tukaona tundu la buluu iliyokolea, na kutoka chini sana tukasikia maji yakidondoka. Hilo ndilo daraja la theluji, yaani theluji iliyofunika ufa, la mwanzo wa msimu: jembamba, bado halijapata majira ya baridi ya kulijaza. Ndani ya nguzo, tafadhali, hata kama mwenzako amepita nje na amerudi salama.

Mengine ni mafupi. Oktoba na Novemba timu za mbio hufanyia mazoezi huko, kwa hiyo ulizeni njia ngapi zimebaki kwa umma. Kwenye mita 3,500 kanieneo ya hewa ni karibu theluthi mbili ya ile ya pwani. Kwa hiyo siku ya kwanza skiini nusu siku, mkalale bondeni. Na kurudi ni kwa lifti, maana chini hakuna theluji, hivyo msingoje foleni ya mwisho.

Mwenye siku tatu tu, mimi nitampeleka Hintertux. Mwenye wiki nzima na subira ya kukaa bondeni siku mbili akisikiliza upepo, huyo aende Zermatt.

Karibuni maswali.