Mshale Uko Kwenye Kijani, Poda Imekuwa Jiwe

Ndugu zangu madereva, makondakta na ninyi wenye magari, asanteni kwa kuitika. Mtungi wa kuzimia moto mnaujua, faini ya kutokuwa nao mnaijua, kwa hiyo hapo sikai. Nimekuja na jambo lile lile la kila mwaka: mshale wa geji, kile kipimo cha presha, kukaa kwenye kijani si ushahidi kwamba mtungi utazima moto.

Huu hapa mezani niliutoa kwenye basi dogo, chini ya kiti cha dereva, umefungwa kwa mpira wa tairi. Kilo 6, wa poda. Mshale kwenye kijani, pini ipo, sili haijakatwa, stika ya ukaguzi ya mwaka huu inang'aa. Dereva akaniambia, "Fundi, huo mzima kabisa." Nikaupeleka uwanjani, nikachomoa pini, nikabana. Fyuuu! Ukatoa upepo na vumbi kidogo kama la unga unaochekechwa, basi. Mshale ukalala kwenye sifuri. Nikasubiri presha iishe yote, nikafungua shingo, nikamulika tochi. Poda karibu yote ilikuwa humo humo, imeshikana kama saruji iliyonyeshewa. Niliupindua kichwa chini, hakikudondoka hata kijiko kimoja. Nikachokonoa kwa bisibisi, ikatoka mabonge mabonge, haya mnayoyaona. Lile bomba la ndani, linalopandisha poda kutoka chini, mdomo wake ulikuwa umezikwa ukaziba.

Gari linatikisika, jamani. Kila tuta na kila shimo poda inazidi kushuka na kubanana, kama debe la unga linavyotikiswa lijae. Ikipata unyevu, inaganda. Geji inapima presha ya gesi inayosukuma poda tu, poda yenyewe haiioni!

Najua mtaniambia, "Lakini stika ninayo, nimelipia." Umelipia nini? Mtu kaja, kafuta vumbi kwa kitambaa, kabandika karatasi, kaondoka. Mtungi uliohudumiwa umetolewa presha, umefunguliwa, poda imemwagwa ikakaguliwa, bomba limepulizwa, vali imesafishwa, oringi, zile pete za mpira za kuzibia, zimebadilishwa, ndipo poda kavu ikarudi na gesi ya naitrojeni ikajazwa. Naitrojeni, narudia, si upepo wa kujazia matairi. Ule upepo wa kompresa una unyevu, na unyevu ndio unaozaa mabonge haya. Mwingine atalalamika bei. Kaka yangu, basi lako lina watu 30 na mlango mmoja.

Cha bure ni hiki. Kila mwisho wa mwezi toa mtungi, ugeuze taratibu kichwa chini, weka kiganja ubavuni. Poda nzima utaihisi ikiteremka kama mchanga ndani ya chupa. Usipohisi kitu, gonga kitako kwa kiganja, geuza tena. Ikigoma, peleka kwa fundi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya stika.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka, basi. Mtungi ukibanwa hata sekunde 1, ukajazwe upya: chembe za poda zinabaki kwenye vali, haifungi tena sawasawa, na kesho utakuta presha imekwisha. Poda zipo za aina tofauti: ya fosfeti isichanganywe na ya baikaboneti, maana zikikutana na unyevu zinatoa gesi, mtungi unaweza kupasuka. Mitungi ya gesi ya kaboni dayoksaidi, isiyo na poda, haina geji, hupimwa kwa mizani. Gesi ikipungua sehemu moja ya kumi, ijazwe. Mtungi wenye kutu kitakoni usijazwe kabisa, hata mwenyewe akibembeleza. Kupima mtungi kwa presha ya maji nilikuwa na mengi ya kusema, lakini muda umekwisha.

Leteni mitungi yenu hapo nje kwenye mwembe, mizani ipo na ndoo zipo. Tuanze na ya magari yanayoondoka saa 8.